Magazini za dola 9 kwenye Glock 19: tatizo ni bastola, magazini au mkono wangu?

Mlinzi wa Usiku (Houston, Texas)

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Mimi ni Mtanzania, nalinda ghala la vifaa vya umeme hapa Houston, naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kibali cha ulinzi wa silaha ninacho, bastola ni yangu mwenyewe. Ni Glock 19 kizazi cha tano, niliinunua mpya ikaja na magazini zake tatu za risasi 15. Mpaka sasa nimeshapiga nayo risasi kama 900 na haijanigomea hata siku moja.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye maonyesho ya bunduki. Kulikuwa na meza moja magazini zimerundikwa kama mitumba ya Karume, zimeandikwa zinaingia Glock 19, dola 9 kila moja. Ya kiwandani hapa kwetu naipata dola 27 hadi 30. Nikaona kwa bei ya moja napata tatu, nikachukua nne. Jina la kampuni silitaji, maana sijui kama kosa ni lao au langu.

Jumamosi nikaenda nazo uwanja wa shabaha. Naeleza moja moja.

Ya kwanza ilitoa risasi zote 15, ila baada ya ya mwisho slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi mbele, haikubaki nyuma. Ilirudi mbele ikafunga, mimi nikavuta kifyatulio nikasikia "tik". Nikajaza tena, ikawa vilevile.

Ya pili ilikwama kwenye risasi ya tatu. Risasi iliinamisha pua, ikagonga chini ya chemba (lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapoingia), slaidi ikasimama nusu njia. Nilipoitoa ile risasi ilikuwa imebonyea ncha.

Ya tatu inapiga vizuri, lakini nikiijaza zote 15 halafu nikabonyeza kitufe cha kuiachia, haidondoki. Inabidi niing'oe kwa vidole. Ikiwa tupu inadondoka bila shida.

Ya nne haikufanya kosa lolote. Nimeijaza mara tatu, risasi 45, safi kabisa. Hii ndiyo inayonichanganya.

Nikarudisha zile za kiwandani nikapiga 50, hakuna tatizo.

Mkufunzi aliyekuwepo pale alisema huenda kidole gumba changu kinalala juu ya kishikio cha slaidi, kile kinachoizuia ibaki nyuma. Rafiki yangu anasema magazini mpya zinahitaji kuzoea. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu, naye akaniuliza swali moja tu: "Hiyo ya nne utakwenda nayo kazini?" Nikakosa la kumjibu.

Kwa hiyo nauliza. Magazini isiyo ya kiwanda cha bastola yenyewe inaaminika au haiaminiki? Na hiyo ya nne nitajuaje kama ni nzima kweli?

---

Chalii wa Arusha (Columbus, Ohio)

Mkuu, nunua za kiwandani ulale usingizi. Dola 20 unazookoa hapo hazilipi hata karatasi ya hospitali. Mimi siku hizi sigusi kingine.

---

Fundi wa Gerezani (Louisville, Kentucky)

Mlinzi, pole, na asante kwa kutaja kila magazini na kosa lake. Wengi huja na "bastola yangu inagoma", ukiuliza inagomaje hawajui.

Mimi nimekulia Gerezani, Dar. Mzee wangu aliuza spea za magari, na kaunta ile nimesimama tangu nikiwa darasa la sita. Swali lako nimelisikia kwa wateja mara elfu: "Nichukue orijino au hii nyingine?" Mzee hakuwa anajibu moja kwa moja, alikuwa anauliza: "Hiyo nyingine kaitengeneza nani?" Kwa sababu kulikuwa na beringi inayotoka kiwanda kilekile kinachowauzia watengeneza magari, iko kwenye boksi jingine, bei nusu. Na kulikuwa na beringi ambayo ilichofanana na yenyewe ni boksi tu. Mteja zote mbili alikuwa anaziita "siyo orijino".

Magazini ni hadithi hiyohiyo. Iko kampuni ya Italia, Mec-Gar, ipo Gardone Val Trompia karibu na Brescia, imeanza mwaka 1965. Hao wanavitengenezea magazini viwanda vya bastola vyenyewe, Beretta na SIG Sauer vikiwemo. Ukinunua ya Mec-Gar kwa ajili ya Beretta 92 unaambiwa umenunua ya pembeni, kumbe umenunua kwa walewale. Mfano mwingine ni bastola ya 1911. Wapigaji wengi wa mashindano huweka kando magazini iliyokuja nayo na kununua za Wilson Combat, na wana sababu zao. Kwa hiyo Chalii, samahani ndugu yangu, "za kiwandani tu" ni jibu zuri kwa Glock lakini si sheria ya bunduki zote.

Sasa tuje kwenye nne zako.

Magazini ni kisanduku, springi, kibao kinachokaa juu ya springi kusukuma risasi, na midomo miwili inayozizuia zisiruke. Basi. Lakini angalia kazi yake. Slaidi inakwenda nyuma na kurudi mbele haraka kuliko unavyopepesa jicho. Ndani ya muda huo springi iwe imeshainua rundo zima, risasi inayofuata iwe imekaa kwenye midomo, na pua yake iwe imeelekea juu kwa pembe inayotakiwa. Springi ikichelewa kidogo, slaidi inapita juu ya risasi bila kuichukua au inaikamata ikiwa imeinama. Midomo ikiwa mipana, zinatoka mbili kwa pamoja. Ndiyo maana bastola ikigoma mimi hushika magazini kwanza, bastola baadaye.

Ya kwanza: slaidi kubaki nyuma si uchawi. Kibao kina nundu pembeni, risasi zikiisha ile nundu inainua kishikio cha slaidi. Springi ikiwa legevu au nundu ikiwa fupi, kishikio hakiinuki. Mkufunzi hakukosea kutaja kidole gumba, hilo ni kosa la watu wengi sana. Lakini siku hiyohiyo, kwa mkono huohuo, za kiwandani zilibaki nyuma. Basi kidole kimeshajitetea. Hata hivyo usiniamini mimi, pima. Toa risasi zote chumbani, zipeleke chumba kingine, kagua chemba kwa macho na kwa kidole. Ingiza magazini tupu, vuta slaidi taratibu mpaka mwisho bila kugusa kishikio. Fanya mara 20 kwa kila magazini, andika namba.

Ya pili: bonyeza kibao upande mmoja kwa penseli. Kikilala upande kama mtumbwi uliojaa maji, umempata mwizi. Kisha pima upana wa midomo kwa venia, mbele na nyuma, linganisha na ya kiwandani. Mimi natumia venia ya dola 20, inatosha.

Ya tatu imevimba. Risasi 15 zinasukuma kuta kwa nje. Magazini ya Glock ukiichungulia ndani utaona bati la chuma limezunguka chini ya plastiki, na bati lile ndilo linaloshika umbo. Hata Glock wenyewe hawakuanza hivyo. Za miaka ya 1980 bati halikuzunguka lote, zikijaa zilikuwa zinatanuka na hazidondoki, baadaye wakarekebisha. Sasa, magazini ya plastiki tupu inaweza kuwa nzuri, lakini aliyeitengeneza lazima awe amelijua tatizo hilo na kunenepesha kuta mahali panapotakiwa. Huyo wako hakulijua, au alilijua akaona dola 9 hazitoshi.

Na ya nne. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Ubaya wa magazini ya rahisi si kwamba kila moja ni mbovu. Ni kwamba hazifanani. Umenunua nne kutoka rundo moja na kila moja ina tabia yake. Kiwanda kinachojali kinapima, kinachoona kimetoka nje ya kipimo kinatupwa, na gharama ya vilivyotupwa umeilipa ndani ya zile dola 27. Kwa dola 9 hakuna aliyetupa kitu. Mkaguzi ni wewe.

Sasa fanya hesabu ya ukaguzi. Mimi magazini ya kubeba siiamini kabla haijatoa risasi 200 bila kosa. Risasi ya 9mm ya mazoezi ni kama senti 25. Hizo ni dola 50. Magazini yako ya dola 9 ikifikia kuaminika imeshakula dola 59, na ikifeli kwenye ya 180 umepata hasara yote. Ya kiwandani nayo naipima, lakini nikijaza mara tatu nne nikaona iko sawa naridhika, kwa kuwa mtu mwingine alishaifanya kazi kubwa kabla yangu.

Nikupe kisa kimoja ambacho huwa kinaniuma. Jeshi la Marekani lilichukua Beretta, wakaiita M9, mwaka 1985. Walipoingia Iraki mwaka 2003 askari wakaanza kulalamika kwamba bastola inagoma. Bastola ikalaumiwa. Kumbe jeshi lilikuwa linanunua magazini kwa zabuni, na zile zilizonunuliwa kwa bei ya chini zilikuwa zimepakwa fosfeti nzito ndani, ukuta unakwaruza kama msasa. Mchanga wa kule ni laini kama unga, ukiingia mle risasi hazipandi, unaitingisha magazini zinacheza ndani. Walipopewa magazini za Beretta zenye ndani laini, malalamiko yakapungua, na Beretta baadaye wakatoa za kuhimili mchanga zenye mpako maalumu. Bastola ilikuwa ileile, askari walewale. Mtu ana bunduki mkononi jangwani na anayemwangusha ni kisanduku cha bati.

---

Mlinzi wa Usiku

Fundi, Mungu akubariki. Nimeshaazima venia kwa jirani. Swali la nyongeza: magazini zangu za kazini zinakaa zimejaa wiki nzima. Springi haichoki?

---

Kamau wa Garland (Texas)

Habari zenu wakubwa. Mimi ni Mkenya, niko hapa Texas mwaka wa kumi na moja, na nashindana shabaha kila mwezi, kwa hivyo magazini zangu zinaanguka kwenye kokoto kuliko za watu wengi.

Nakubaliana na Fundi karibu kila kitu. Lakini nataka kuitetea plastiki. Magpul wanatengeneza magazini ya Glock inayoitwa PMAG GL9, ilitoka 2015, kuta zake hazina bati la chuma ndani hata kidogo. Niko nazo sita, nilinunua karibu dola 15 kila moja. Zimekanyagwa, zimelala kwenye gari Agosti na nyinyi mnajua Agosti ya huku, na zinafanya kazi. Kwa mazoezi sitoi pesa ya kiwandani tena.

Na msisahau upande wa bunduki ndefu. Magazini ya M16 iliyotolewa na jeshi ni ya aluminiamu nyembamba, midomo yake inapinda ukiiangusha. Jeshi lenyewe limebadilisha kile kibao cha ndani mara kadhaa, kikawa cheusi, kikaja cha kijani, kikaja cha rangi ya mchanga. Magpul wakatoa PMAG mwaka 2007, askari wakaanza kujinunulia kwa pesa zao. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, hawa wanaoitwa Marines, waliikataza kwa muda, halafu Desemba 2016 wakaikubali rasmi. Kwa hivyo hapo kitu cha duka kilishinda kitu cha serikali, na kilishinda kwa kupimwa.

Mahali sitanunua cha pembeni bila kufikiria sana ni pale mtu anataka kuongeza idadi ya risasi. Mfano ni Glock 43X, inakuja na magazini ya risasi 10. Kuna kampuni inaitwa Shield Arms inauza ya chuma inayobeba 15 kwa ukubwa uleule. Ni kitu kizuri kwa macho. Lakini wao wenyewe wanakwambia ubadilishe kile kidude kinachoshikilia magazini, kiwe cha chuma, kwa sababu cha plastiki kitaliwa na magazini ya chuma. Sasa umebadilisha magazini na umebadilisha bastola. Mtu afanye akijua hivyo.

Mlinzi, mimi niko na makundi mawili na hayachanganyiki. Za mazoezi ni PMAG, nimezipiga rangi ya manjano chini. Za kiunoni ni za kiwanda. Zote ziko na namba. Namba moja, mbili, tatu, kwa kalamu ya rangi. Ikigoma, naandika namba kwa simu papo hapo. Bila namba hutajua ni ile ile inakusumbua kila wiki ama ni bahati mbaya.

Kitu kingine, kwa yeyote anayesoma akiwa amefika Marekani juzi. Aliye na viza ya muda, ya masomo ama ya matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki na risasi, isipokuwa awe kwenye zile nafuu chache kama leseni ya uwindaji. Aliye na kadi ya kijani anaruhusiwa. Na ukihama jimbo, angalia idadi. Hapa Texas hakuna kikomo. Kalifonia ni 10, Colorado 15. Ile magazini yako ya 15 ya halali hapa inaweza kuwa kesi kule.

---

Mzee wa Monduli (Minneapolis, Minnesota)

Vijana hamjambo. Nimesoma kwa furaha, nimestaafu jeshi letu nyumbani kabla wengi wenu hamjazaliwa, sasa nakaa huku na binti yangu na wajukuu.

Mlinzi mwanangu, umeuliza springi. Springi haichoshwi na kulala, inachoshwa na kupanda na kushuka. Magazini iliyojazwa ikawekwa itaishi kuliko ile inayojazwa na kumwagwa kila siku. Wewe ijaze uende kazini. Ila mara moja kwa mwezi itoe risasi, fungua kitako chake, futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kikavu! Usitie mafuta ndani. Mafuta yanakusanya uchafu wa mfukoni, na yakipenya kwenye risasi huenda isilipuke. Sisi tulichapwa doria ya ziada kwa kosa hilo.

Nitawaambia kuhusu SAR. Huku wanaiita SKS. Kwetu SAR ndiyo imefunza watu wengi, JKT, mgambo, walinzi wa benki. Magazini yake haitoki. Ni kisanduku cha risasi 10 kilichofungwa chini ya bunduki, unajaza kwa juu kwa klipu ya risasi kumi, unasukuma kwa gumba zinashuka zote. Sikumbuki SAR kugoma kwa sababu ya magazini. Itagomaje, mdomo umefungwa pale kiwandani na haujawahi kutoka ukaanguka?

Nilipokuja huku nikakutana na bwana mmoja uwanjani ana SAR ya Kichina kama ile niliyoilala nayo miaka mingi. Moyo ulinicheka. Lakini alikuwa amekitoa kile kisanduku, akaweka magazini ndefu ya kuchomoa, ya risasi 30, ina mdomo umechongoka mbele kama wa bata. Alipiga mbili, ikakwama. Akatoa, akarudisha, akapiga nne, ikakwama. Saa nzima. Nilimwomba ruhusa nikamuuliza kile kisanduku cha zamani kiko wapi, akasema kiko kwenye boksi garini. Tukakirudisha pamoja. Alipiga risasi 60 jioni ile bila kosa, akanikumbatia. Hiyo ni bunduki iliyobuniwa na Simonov, ikakubaliwa na jeshi la Urusi miaka ya 1940, na mtu akaiharibu kwa kutaka risasi ishirini zaidi.

SMG, yaani AK-47, ni habari nyingine, ile magazini yake ya bati zito unaweza kupigilia msumari. Meno yake ya mbele na nyuma ni chuma. Huku naona zipo za plastiki ambazo hata jino ni plastiki. Msinunue hizo. Jino likikatika magazini inaning'inia.

Mwanangu Mlinzi, jambo moja Fundi hakulitaja. Jumamosi ulipiga risasi gani? Na kazini unabeba zipi? Kama ni tofauti, hujapima kitu.

Na unapoingiza magazini: tia, gonga kitako, vuta chini. Kila mara. Iliyojaa kabisa, na slaidi ikiwa imefungwa, huwa ngumu kuingia, mtu anadhani imeshika kumbe haijashika. Risasi ya kwanza inatoka, magazini inaanguka miguuni.

---

Fundi wa Gerezani

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, hilo la aina ya risasi nimelisahau na ndilo kubwa. Risasi ya mazoezi ina ncha ya mviringo, inateleza yenyewe hata magazini ikiwa na kasoro. Ya kujilinda ina shimo puani, ncha yake ni butu, inagonga pale ambapo mviringo unapita. Mlinzi, pima kwa zote mbili.

---

Mwenye Leseni (Nairobi)

Wadau, nimefuatilia. Mimi niko na leseni halali hapa Nairobi, nabeba CZ 75. Kuna yeyote anakuja Desemba aniletee magazini mbili kwa begi? Yangu moja haidondoki nikibonyeza kitufe, ni kama ya Mlinzi.

---

Kamau wa Garland

Ndugu yangu, hapana, na nakuambia kwa upendo. Kutoa magazini Marekani ni kusafirisha sehemu ya silaha, kunaweza kutaka kibali cha huku, na kuingiza huko kunataka idhini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Mtu atashikwa uwanja wa ndege kwa ajili ya kitu cha dola 40. Nenda kwa muuzaji aliye na leseni hapo Nairobi, aagize.

Na pengine hata huna tatizo. CZ 75 nyingi ziko na bati la springi ndani ya shimo la magazini, limepindwa makusudi lishike magazini isianguke chini. Mwenye kuibuni alitaka uivute kwa mkono. Angalia ukutani wa nyuma ndani ya mpini, utaliona. Fundi wa silaha anaweza kulinyoosha kama unataka idondoke.

---

Mlinzi wa Usiku

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita, naleta majibu niliyoyapata. Mzee wangu wa Monduli, shikamoo, na asante sana.

Kwanza nimezipa namba. Za kiwandani ni 1 hadi 3, za dola 9 ni 4 hadi 7 kwa mpangilio uleule nilioandika juu.

Jaribio la slaidi na magazini tupu, mara 20 kila moja. Za kiwandani zote 20 kwa 20. Namba 4 ilishika mara 11 tu. Namba 5 mara 19. Namba 6 na 7 zilishika zote.

Kibao cha namba 5 kinalala upande kama Fundi alivyosema, nilikibonyeza kwa penseli kikainama mpaka nikaona springi. Midomo yake kwa mbele ni mipana kuliko ya kiwandani, huhitaji hata venia, jicho linaona ukiziweka sambamba.

Namba 6 nimepima upana wa mwili ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Inatanuka. Ya kiwandani haikubadilika kwa kiasi ambacho venia ya jirani inaweza kukisoma.

Namba 7, ile ya nne iliyonichanganya. Nilinunua boksi nne za risasi 50 za mazoezi, nikaipiga zote 200. Haikugoma hata mara moja. Nakiri nilianza kufurahi, nikasema nimepata moja ya dola 9 iliyo nzima. Nikakumbuka neno la mzee. Nikatoa risasi ninazobeba kazini, zile za shimo puani, nikajaza 15.

Ya kwanza na ya pili zilitoka. Ya tatu ikainama, ikagota chini ya chemba.

Nikaondoa, nikajaza upya. Safari hii ikawa ya saba. Nikachukua namba 2 ya kiwandani, risasi zilezile kutoka boksi lilelile, zikatoka zote 15.

Nilikaa kwenye benchi pale uwanjani dakika kadhaa. Mwezi ule niliokuwa nasubiri kupata muda wa kuzipima, kuna usiku mmoja nusura niiweke hiyo namba 7 kiunoni kama ya akiba, kwa sababu moja ya kiwandani nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nililala na mawazo ya ghala lile, lile lango la nyuma ambalo taa yake inawaka na kuzima.

Nimenunua mbili za kiwandani, namba 8 na 9, nimezipima kwa risasi za kazini mara tatu kila moja. Namba 4, 5 na 6 nimezipiga nyundo mbele ya gereji ili asije mtu akaziokota. Namba 7 nimeizungushia mkanda mwekundu. Mkufunzi ameniomba, anaitaka kwa ajili ya kuwafundisha wanafunzi wake kuondoa risasi iliyokwama, maana hiyo inakwama kwa uhakika.

Mke wangu aliiona mezani jana jioni nilipokuwa navaa kwenda kazini. Nikamwambia ile ya nne haiendi. Akaniuliza, "Sasa mbona bado imo ndani ya nyumba?" Jumamosi naipeleka kwa mkufunzi.